Mwaka wa kupumzika? Kamwambie kijana wa Kalokol!

Leo nina neno na wale wanaowahubiria vijana kwamba ukimaliza sekondari "pumzika mwaka mmoja, ujitambue kwanza".

Malia Obama alimaliza shule 2016, akapumzika, akaingia Harvard 2017. Sawa, nafasi yake ilikuwa inamngoja. Binti wa Kalokol anawekewa nafasi na nani? Kalokol wanaijua mipango ya mbali: kiwanda cha samaki kilichojengwa kwa pesa za Norwe mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakikudumu, kugandisha samaki kuligharimu kupita kiasi.

Tena Kenya mwaka huo hatuuchagui, tunapewa! KCSE inaisha Novemba, vyuo vikuu vinaita Agosti au Septemba. Hesabu mwenyewe. Zamani ilikuwa mbaya zaidi: baada ya jaribio la mapinduzi la 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa zaidi ya mwaka, foleni ikarefuka, wengine wakaja kusubiri hadi miaka miwili. Mwaka 2011 vyuo vilianza kupokea wanafunzi wa miaka miwili kwa mpigo ili kuipunguza.

Sasa miezi hiyo ufuoni si likizo. Mvulana anapewa wavu au bodaboda, msichana anaulizwa ataolewa lini. Barua ya chuo ikifika, kuna ambao hawaendi tena.

Wenye vijisenti wanapelekwa "pakeji": wiki kadhaa za Word na Excel, cheti, kwisha. Mimi kuandika programu ndiyo kazi inayonilisha, na nasema wazi: mtu akiniletea cheti cha pakeji namuuliza, umetengeneza nini?

Simu ya Android yatosha kuanza. Andika HTML na JavaScript humohumo, fungua kwenye kivinjari, hata intaneti huhitaji. Tengeneza daftari la muuza samaki: kilo ngapi, bei gani, nani anadaiwa. Mpe mama mmoja pale ufuoni alitumie wiki nzima, sikiliza anavyolalamika, rekebisha, mrudishie. Kazi yetu ndiyo hiyo, hakuna siri nyingine.

Na msiniambie Turkana haiwezekani. Kando ya ziwa hilohilo, tangu 2021, kuna Startup Lions, majengo yaliyochorwa na Francis Kéré wa Burkina Faso, yenye minara kama vichuguu vya mchwa. Humo vijana wanafundishwa kazi za kompyuta. Lakini chuo kimoja hakiwezi kubeba kaunti nzima.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kuanzia Lodwar hadi Kakuma, kila sekondari yenye chumba cha kompyuta iwafungulie waliomaliza, Januari hadi Agosti, jioni na Jumamosi. Asiyeweza kuwapa hata ufunguo wa mlango huo asiwaambie wapumzike. Wamechoka kusubiri!