Mshahara wa Kwanza wa Binti Yako



Mwezi uliopita, baada ya kikao cha akina mama kanisani, mama mmoja alitushika mkono akatuvuta pembeni. Binti yake alihitimu stashahada ya uuguzi miaka miwili iliyopita. Mara tu alipomaliza alipata nafasi katika zahanati ndogo ya mtu binafsi, lakini mama akamkataza. "Hatukuuza shamba ili ukalipwe hela ya sabuni," alimwambia. "Subiri serikali." Binti akasubiri. Juzi aliitwa kwenye usaili, akarudi analia: "Mama, mikono yangu imesahau kazi."

Hatukumlaumu mama huyo. Wazazi wetu waliona aliyemaliza chuo akipangiwa kituo cha kazi moja kwa moja. Lakini katika miaka ya 1990 serikali ilipunguza watumishi, na mwaka 2016 ajira mpya zilisimamishwa kwa muda ili watumishi hewa wahakikiwe. Siku hizi nafasi hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na vijana hushindania kwa mtihani na mahojiano. Kusubiri si kosa. Kosa ni kusubiri umekaa.

Sisi wenyewe tulianza kwa kujitolea, tukipewa nauli tu. Hapo ndipo muuguzi mmoja mzee alipotufundisha kuutafuta mshipa wa mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuharisha. Chuoni tulikuwa tumeusoma mshipa huo, lakini hatukuwa tumeupata kwa vidole vyetu.

Hata hivyo, mama, hatusemi binti akubali lolote. Kazi ndogo ni jambo moja, kunyonywa ni jambo jingine. Kabla hajaanza, mwambie aulize haya:

Je, kuna mkataba wa maandishi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida za kazi zisizozidi 45 kwa wiki, likizo ya mwaka ya siku 28, na likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua pacha.

Je, mshahara unafikia kima cha chini cha sekta yake? Serikali hutangaza kima hicho. Kwa watumishi wake yenyewe ilikipandisha kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025.

Je, michango yake ya NSSF inapelekwa kweli? Asingoje miaka mitano ndipo aulize.

Na anayedai hela ili ampe kazi ni tapeli. Ajira ya serikali hailipiwi.

Kwa binti muuguzi tunaongeza moja: leseni yake ya Baraza la Uuguzi na Ukunga isiachwe ikaisha muda, hata kama bado yuko nyumbani.

Sasa tuongee sisi kwa sisi. Mara nyingi, kabla binti hajapokea mshahara, tumeshaugawa: ada ya mdogo wake, bati la jikoni, mchango wa harusi ya binamu. Tupige hesabu. Chukua binti aliyeajiriwa na mtu binafsi kwa shilingi 500,000. NSSF huchukua asilimia 10, yaani 50,000. Kama alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, asilimia 15 hukatwa, yaani 75,000. Kodi ya mapato, kwa viwango vya mwaka 2025, ni 14,400. Anabaki na 360,600. Hapo hajalipa chumba, nauli, wala chakula. Ukimwomba 200,000, atakopa ili asikuaibishe, na mkopo wa mtaani hauna huruma.

Tunashauri hivi: miezi mitatu ya kwanza mwacheni ajipange. Baada ya hapo kaeni naye mezani, aseme mwenyewe anaweza kutoa kiasi gani kila mwezi, nanyi mkipokee kwa shukrani. Kidogo kinachokuja kila mwezi kwa moyo mweupe kinajenga kuliko kingi kinachomfanya akwepe simu ya mama yake.

Tukirudi kwa yule binti, usaili ule hakufaulu. Tulizungumza naye na mama yake jioni nzima. Kesho yake alikwenda kwenye zahanati ile ile, safari hii akiwa na maswali yake kwenye daftari. Walimpokea, wakampa mkataba, na maombi yake serikalini yanaendelea. Jumatatu iliyopita alianza kazi. Sare yake alipigiwa pasi na mama yake.

Hadi mwezi ujao, tunawatakia amani nyumbani.