Taa za Angani: Komiki ya 1954 Ilishuku Serikali, na Haikukosea Sana

Kama unadhani story za UFO zilianzia TikTok, cheki hii. Desemba 1954, EC Comics ya New York ilitoa Weird Science-Fantasy nambari 26. Kawaida hiyo komiki ilikuwa ya hadithi za kubuni, roketi na sayari za mbali. Mara hii toleo zima likawa ripoti ya visahani vya angani, na kwa jalada wakalichokoza waziwazi Jeshi la Anga la Marekani.

Walikuwa na sababu. Julai 1952 rada za Washington zilinasa vitu visivyojulikana, marubani wakaona taa, ndege za kivita zikatumwa. Jeshi likasema ni hewa moto imelalia hewa baridi, rada ikachanganyikiwa. Wasee wengi hawakuamini.

Sasa hapa ndio kuna story. Ushahidi wa viumbe wa sayari zingine haupo, hata ripoti ya Pentagon ya Machi 2024 ilisema hivyo. Lakini punde tu serikali ilikuwa na kitu cha kuficha. Agosti 1955 ndege ya kijasusi ya U-2 ilianza kuruka, juu kabisa kupita ndege za abiria. Huku chini giza limeingia, kule juu mabawa yake bado yanapigwa na jua. Mwaka wa 1997 CIA ilichapisha makadirio kwamba zaidi ya nusu ya ripoti za UFO za kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 hadi miaka ya 1960 zilikuwa ndege zake. Wachunguzi wa jeshi waliuliza CIA kimyakimya, wakajua ukweli, halafu raia anaambiwa ati ni hali ya hewa. Manze!

Miaka 70 baada ya komiki, taa zikaonekana New Jersey. FBI ikapokea ripoti zaidi ya 5,000. Kwanza watu wakaambiwa ni droni halali, ndege, hata nyota. Januari 2025 Ikulu ya Marekani ikasema droni nyingi ziliruhusiwa, za utafiti na mambo mengine. Utafiti gani? Hapo hawakubonga.

Na usicheke Wamarekani. 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya kama kilo 500 ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni. Ndani ya siku mbili Shirika la Anga za Juu la Kenya likasema ni kipande cha roketi. Fiti, walijibu mbio. Roketi ya nani? Taarifa hiyo haikutaja. Ingeangukia nyumba yako, ungedai fidia kwa nani?