Neno 'ukabila' limegeuzwa kichaka cha kujifichia

HAKUNA neno linalotamkwa mara nyingi katika siasa za Kenya na kufafanuliwa mara chache kama ukabila. Mwanasiasa anapoagizwa kufika mbele ya wapelelezi wa ufisadi, hulalamika kwamba jamii yake inaandamwa. Mpinzani wake humjibu kuwa kauli hiyo ndiyo ukabila wenyewe. Mkuu wa shirika la umma akijaza afisi wapwa na mashemeji, huo ni ukabila. Mama akiimba wimbo wa Kijaluo arusini jijini Nairobi, hakosi wa kunong'ona kwamba huo pia ni ukabila. Na mkazi wa mtaa wa mabanda anayeuliza ni kwa nini risasi ilitoboa ukuta wake wa mabati usiku wa kutangazwa kwa matokeo ya kura, huambiwa aache ukabila.

Neno linalobebeshwa maana zote hizo kwa mpigo haliwezi kubeba hata moja sawasawa. Wala si kwamba Kiswahili kina uhaba. Tuna upendeleo, ubaguzi, chuki, uchochezi, uonevu na unyang'anyi. Kila moja ya maneno haya lina mtenda na mtendwa, na aliyetendwa anaweza kwenda nalo mahakamani. Ukabila hauna mshtakiwa. Huzungumzwa kama mvua ya masika, kitu kilichotoka juu kikatunyeshea sote, na ambacho hakuna wa kulaumiwa kwacho.

Anayetaka kuona gharama ya mkanganyiko huu na aende Obunga, mtaa wa mabanda ulioko Kisumu. Wanaoufahamu huutambua kwa mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayobaki baada ya viwanda vya samaki kutoa minofu ya kuuzwa ng'ambo. Kina mama huinunua, huikausha, huikaanga na kuisambaza masokoni. Wakazi wengi ni Waluo, lakini wapo pia Waluhya, Wakisii na wengineo waliopanga vyumba humo, na karai la mafuta halimuulizi mtu jina la babake. Malalamiko ya Obunga ni maji safi, mitaro ya majitaka, ajira na bei ya samaki. Minofu huvuka bahari na mifupa hubaki. Hilo ni suala la uchumi wa ziwa, na lingekuwa vilevile hata kama ufuo wote ungekaliwa na jamii nyingine.

Hata hivyo, Obunga hutajwa katika habari za kitaifa pamoja na Kondele, Nyalenda na Manyatta, na kwa kawaida ni wakati wa maandamano au uchaguzi. Kutokana na hayo ilizaliwa kauli ya 'watu wa kurusha mawe', ambayo kila Mkenya anajua inamlenga nani. Mnamo Aprili 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa (NCIC) iliiorodhesha miongoni mwa semi za chuki, sambamba na 'madoadoa', 'kwekwe' na 'mende'. Orodha hiyo ilizua ubishi, na si ajabu. Kwekwe ni neno la mkulima, na madoadoa hupatikana kwenye kanga na ng'ombe. Sumu haikuwa katika maneno bali katika agizo lililofichwa ndani yake: ng'oeni, ondoeni. Mithika Linturi, aliyekuwa seneta wa Meru wakati huo, alijikuta mikononi mwa polisi Januari mwaka huo baada ya kutamka 'madoadoa' katika mkutano wa kisiasa mjini Eldoret, eneo ambalo neno hilo lilikuwa na historia ya damu.

Neno kabila limetujia kutoka Kiarabu, na kiambishi 'u' kilichotangulizwa hakina lawama yoyote. Tunasema utu, ujirani, undugu, utaifa, na hakuna anayejitetea. Ukabila pekee ndio ulioingia katika kamusi ya siasa ukiwa tayari tusi. Mwanazuoni wa Afrika Kusini, Archie Mafeje, aliandika mwaka 1971 kwamba wenyeji wa nchi yake hawakuwa hata na neno la asili la kutaja kabila kwa maana waliyoileta wakoloni. Kijaluo nacho kina 'oganda', yaani umma au jamii ya watu, na 'dhoot', yaani ukoo. Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda aliyeishi na kufanya kazi Kisumu mwishoni mwa miaka ya 1960, naye aliwakejeli wasomi wa Magharibi walioona mataifa kwao na makabila kwetu.

Tusije tukadai, hata hivyo, kwamba Mzungu ndiye aliyetufunza kubaguana. Kijaluo kina 'jamwa', mtu asiye Mluo, neno ambalo kulingana na sauti laweza kuwa maelezo tu au dharau. Tena kina 'jadak', mkaaji aliyekaribishwa kwenye ardhi isiyo ya ukoo wake. Mluo halisi aliyezaliwa upande mwingine wa ghuba anaweza kuambiwa yeye ni jadak pindi anapowania kiti cha udiwani au anapogombania shamba. Hapo kabila ni moja, lugha ni moja, na ubaguzi upo vilevile. Anayefikiri kwamba tatizo la Kenya ni makabila na aeleze hilo kwanza.

Alichofanya mkoloni ni kuupa mgawanyiko huo mipaka na afisi. Hata baadhi ya majina tunayoyaona ya kale, kama vile Luhya na Kalenjin, yalianza kutumika kama vitambulisho vya jamii kubwa katika miaka ya 1930 na 1940. Lililo muhimu zaidi halisemwi sana. Baada ya kupiga marufuku vyama vya Waafrika wakati wa hali ya hatari, serikali iliruhusu vyama tena mwaka 1955, lakini vya wilaya pekee. Mwanasiasa wa Kisumu hakuruhusiwa kuunda chama kimoja na mwenzake wa Murang'a. Wilaya nyingi zilikuwa za jamii moja, kwa hiyo viongozi waliojenga majina yao miaka hiyo waliyajenga nyumbani kwao. Uhuru ulipokaribia wakashangaziwa kwamba wanafikiri kikabila!

Kisa kinachoonyesha vyema matumizi mabaya ya neno hili ni cha Kenya People's Union (KPU). Jaramogi Oginga Odinga alipojiondoa KANU mwaka 1966, ugomvi ulihusu ardhi ya walowezi, umiliki wa uchumi na msimamo wa Kenya kati ya Mashariki na Magharibi. Naibu wake katika chama kipya alikuwa Bildad Kaggia, Mkikuyu, mfungwa mwenzake Jomo Kenyatta wa Kapenguria, aliyetaka wapiganaji wa Mau Mau wapewe mashamba bila malipo. Chama chenye viongozi hao wawili hakingeweza kuitwa cha Waluo kwa haki. Serikali ilifanya kila iwezalo kiwe cha Waluo. Katika uchaguzi mdogo wa 1966 Kaggia alishindwa, na wabunge wa KPU waliosalia walitoka hasa Nyanza.

Tom Mboya aliuawa Julai 5, 1969. Mnamo Oktoba 25 mwaka huo Rais Kenyatta alizuru Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, na ambayo wakazi hadi leo huiita Russia. Umati ulipiga kelele, maneno makali yakarushwa kutoka jukwaani na kutoka umatini, na walinzi wa Rais wakafyatua risasi. Idadi rasmi ya waliokufa ilikuwa 11, na Kisumu haijawahi kuiamini. Siku chache baadaye KPU ilipigwa marufuku na Odinga akazuiliwa. Tangu hapo hoja ya ardhi iliyoanzishwa na Mkikuyu na Mluo ikasimuliwa kama uadui wa Wakikuyu na Waluo. Swali la mashamba nani aliyapata halikujibiwa. Lilibadilishwa jina tu.

Mchezo huohuo ulirudiwa baada ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007. Ulimwengu uliambiwa kwamba makabila ya Kenya yamerukiana. Katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa hilo lilikuwa kweli, na Kisumu nako kulikuwa na maovu yasiyofaa kufunikwa. Majirani Wakikuyu walifukuzwa, nyumba na maduka yao yakachomwa, na wengi wakakimbilia vituo vya polisi. Waliofanya hivyo hawakuwa wakidai haki ya kura. Walimwadhibu muuza mboga kwa jina lake. Huo ni ubaguzi na ni uhalifu.

Lakini hesabu ya maiti inasema jambo jingine pia. Tume ya Jaji Philip Waki ilirekodi vifo 1,133 kote nchini, na kati ya hivyo 405 vilisababishwa na risasi. Nyanza, risasi ndizo zilizoongoza kwa kuua. Januari 2008 kamera ya televisheni ilimnasa polisi akimpiga risasi kijana huko Kondele, mchana peupe. Afisa aliyeshtakiwa kwa tukio hilo aliachiliwa na mahakama mwaka 2010. Ukiyaita hayo yote ghasia za kikabila, kijana huyo anahesabiwa pamoja na walioangamizwa na majirani, na serikali inaondoka jukwaani ikijipangusa mikono. Hiyo ndiyo faida ya neno hili kwa wenye mamlaka.

Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa mwaka 2008 kwa sababu ya damu hiyo. Ukiisoma utaona kwamba hakuna kosa liitwalo ukabila. Kuna ubaguzi kwa misingi ya jamii, kuna matamshi ya chuki, kuna kudharau jamii. Kuna pia hesabu: hakuna taasisi ya umma inayoruhusiwa kuajiri zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja. NCIC ilipokagua utumishi wa umma mwaka 2011, iligundua kwamba jamii tano zilishikilia karibu asilimia 70 ya nafasi. Vyuo vikuu vingi vya umma pia vilipatikana vimevuka thuluthi. Katika kaunti, sheria ya mwaka 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya chini ziende kwa wasio wa jamii kubwa ya eneo hilo. Hizi ni namba ambazo gavana anaweza kuulizwa, wa Kisumu na wa Kiambu sawia. Gavana hupendelea kuulizwa kuhusu ukabila, kwa sababu hapo atajibu kwa hotuba.

Mfano wa karibuni ni wa Rigathi Gachagua. Akiwa Naibu Rais, aliifananisha serikali na kampuni yenye hisa, waliopiga kura nyingi wakistahili kula kwanza. Seneti ilipomwondoa afisini Oktoba 17, 2024, shtaka lililotokana na matamshi hayo lilikuwa miongoni mwa yale yaliyothibitishwa. Kauli yenyewe ilikuwa mbaya, kwani barabara na dawa hulipiwa na kodi ya wote. Ila wengi walioipigia kelele walikuwa wakijivunia, vijijini kwao, kwamba sasa jamii zao ziko mezani. Na Nyanza haikuwa tofauti. Baada ya wanasiasa wa ODM kuteuliwa katika Baraza la Mawaziri Julai 2024, lugha ya kuwa 'ndani ya serikali' ilisikika pia kando ya ziwa. Hisa hazikuwa tatizo tena. Mwenye hisa ndiye aliyebadilika.

Hapa kuna kinaya kingine. Serikali inayokemea ukabila ndiyo hiyo inayogawa makabila kwa tangazo rasmi. Mwaka 2017 Wamakonde walitambuliwa kuwa kabila la 43 na Wakenya wa asili ya Asia la 44. Wapemba wakafuata mwaka 2023. Kwa Wamakonde na Wapemba, kupata kabila kulimaanisha kupata kitambulisho, na bila kitambulisho hakuna akaunti ya benki wala leseni ya uvuvi. Wahindi wa Kisumu, ambao familia nyingine zilifika pamoja na reli mwaka 1901, hawakuhitaji tangazo hilo ili waufahamu mji, ila walilipokea kwa furaha. Kabila hapo ni mlango wa uraia, si kosa. Tanzania ilifuata njia tofauti: tangu sensa ya 1967 haimuulizi mtu kabila lake. Kenya ilikusanya takwimu hizo mwaka 1999 ikaogopa kuzichapisha, na kukaa kimya huko hakukuzuia yaliyotokea 2007.

Vijana walioandamana Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha walijitangaza kuwa hawana kabila, hawana kiongozi na hawana chama. Wengi walishangilia. Kwa maoni yangu walikosea neno kidogo, ingawa nia ilikuwa safi. Kijana wa Obunga hahitaji kuitupa lugha ya nyanyake ili apinge kodi ya mkate. Anachohitaji ni kupinga kodi hiyo bila kuambiwa kwamba anampigania mwanasiasa wa kwao. Serikali ilitatizika kwa sababu, kwa wiki chache, jibu lake la kawaida halikuwa na pa kushika.

Usiku wa Agosti 11, 2017, matokeo ya urais yalipotangazwa, polisi waliingia katika mitaa ya mabanda ya Kisumu, mlango baada ya mlango. Mtoto mchanga wa miezi sita alipigwa kichwani nyumbani kwao Nyalenda na akafa siku chache baadaye. Wapo waliosema wakati huo kwamba kuililia Kisumu ni kuchochea ukabila. Mwaka 2019 hakimu aliyechunguza kifo hicho alipata kwamba polisi walihusika, na mnamo Oktoba 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliidhinisha maafisa kushtakiwa kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Makosa yaliyotajwa ni mauaji, utesaji na ubakaji. Kesi hiyo imeahirishwa mara kadhaa.