Ukikopi habari ya Garissa, usishangae Google isipokuona

Wewe mwenye blogu hapa Garissa, Wajir ama Mandera, hebu sema ukweli: kati ya habari kumi za mwisho ulizoweka, ngapi umeandika mwenyewe? Kama nane umezitoa kwa shirika la habari ama tovuti ya Nairobi, ndiyo maana Google haikuletei wasomaji.

Wengi hudhani Google inakuadhibu ukirudia habari ya mwenzako. Sivyo. Google yenyewe imesema maandishi kufanana si kosa, mradi hufanyi ulaghai. Ikikuta habari ileile kwenye tovuti kumi, kwa kawaida huchagua moja ya kuonyesha na zingine inaziweka kando. Sasa jiulize, kati ya tovuti kubwa ya Nairobi na blogu yako ya Bulla Iftin, nani atachaguliwa?

Enzi za gazeti, kurudia hakukuwa na hasara. Shirika la AP limegawia magazeti habari tangu 1846. Mtu wa Garissa alinunua gazeti lililofika na basi akalisoma. Hakuwa na mengine kumi ya kulinganisha. Kwa Google, nakala zote ziko foleni moja, na wewe uko nyuma.

Upande wa pili unauma zaidi. Unazunguka soko la mifugo juani, unauliza bei ya mbuzi na ndama, unaandika vizuri. Tovuti kubwa inakuomba: tuichapishe pia, jina lako litakuwepo. Unafurahi. Wiki ijayo ukitafuta kichwa chako mwenyewe, wao wako juu, wewe huonekani. Jina umepewa, wasomaji wamechukuliwa.

Usikatae, boss, ila weka masharti. Ikae kwako siku kadhaa kwanza. Waweke linki ya kurudi kwako. Kisha waombe waizuie nakala yao isiingie kwenye matokeo ya Google. Mafundi wengine watakuambia alama ya kanonikali, ile inayoonyesha nakala asilia iko wapi, inatosha. Lakini tangu 2023 Google inashauri nakala ya anayechapisha tena izuiwe kabisa.

Najua utasema bando ni ghali na kukopi ni bure. Lakini bure hiyo inakulipa nini kama hakuna anayekusoma? Mimi chuo niliacha njiani, na hesabu hii haihitaji digrii.

Tena si hesabu ya wasomaji tu. Dunia inalijua jina la mji wetu kwa shambulio la chuo kikuu la 2 Aprili 2015, watu 148 wakauawa. Hatutawasahau. Lakini mji hauishi siku moja. Mafuriko ya Tana yalipokata barabara ya Madogo 2023, na tena 2024, aliyetaka kujua kama atavuka alihitaji neno la mtu aliyesimama pale majini, si aya tatu zilezile kwenye blogu kumi.

Kwa hivyo andika bei ya maziwa ya ngamia Soko Mugdi. Andika kwa Kiswahili, andika kwa Kisomali. Hiyo hakuna shirika litakutumia, na mtu akiitafuta, ataikuta kwako.