Mtani wa Msibani Hajifichi: Tuache Kugeuza Vifo vya Mastaa Kuwa Stika

Wadau, leo sina umbea. Leo nimekereka, na wa kwanza kunikera ni mimi mwenyewe.

Juzi kati kuna staa mmoja katutoka. Jina silitaji, familia yake haijafika hata arobaini. Taarifa zilitoka alfajiri. Saa mbili asubuhi stika ya kwanza ilikuwa imeshatua kwenye grupu letu la WhatsApp la mtaani: marehemu yuko stejini, mdomo wazi, chini wameandika maneno ya kuchezea wimbo wake na kaburi. Nilicheka. Sitaki kudanganya, nilicheka kweli. Nikaisogeza kwenye grupu la pili, lile la tuliosoma pamoja.

Humo kuna dada mmoja mkimya sana, hata siku za kupongezana bethidei haandiki kitu. Siku hiyo aliandika mstari mmoja tu: "Huyo mnayemcheka ni kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa. Tuko mochwari tunasubiri wamvalishe." Kisha akajitoa kwenye grupu.

Tuko watu zaidi ya mia mle ndani. Karibu nusu saa nzima hakuna aliyegusa simu. Halafu mmoja akatuma tangazo la viwanja Kigamboni, maisha yakaendelea.

Mimi nimeshindwa kuendelea. Kwa hiyo leo nasema wazi: huu mchezo wa kufanya kifo cha staa kuwa kichekesho cha mitandaoni si uchangamfu wala si ujanja wa mjini. Ni ukatili wa bei rahisi, na tunaufanya kwa sababu hakuna anayetuona usoni.

Najua mtakachosema. "Acha ushamba wewe, utani msibani ni mila yetu." Haya, tuongelee hiyo mila, maana naona wengi mnaitaja bila kuijua.

Mngoni na Mhehe walipigana vita karne ya 19, leo ni watani. Mchaga na Mpare ni watani. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Na kweli, mtani msibani ana uhuru wa ajabu. Atavaa koti la marehemu atembee kama yeye. Ataigiza alivyokuwa anakohoa akidaiwa. Atazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote. Wengine wanaruka ndani ya kaburi na kugoma kutoka. Unamkuta mjane analia huku anacheka, na hakuna anayekasirika.

Sasa angalieni mambo mengine anayofanya huyo mtani. Kwanza, yupo. Amefunga safari, amekaa kwenye mkeka, amekunywa chai ya msiba kama wengine. Pili, anajulikana. Jina lake linajulikana, ukoo wake unajulikana, na siku akifiwa yeye mtaenda kumlipia. Tatu, anafanya kazi. Mahali pengi watani ndio wanaoshika jembe kuchimba kaburi, ndio wanaobeba maji na kuni. Nne, anamwangalia mfiwa machoni. Akiona leo hali si hali, anapunguza. Kama wewe si mtani na ukaleta hizo mbwembwe, utatolewa nje kwa kushikwa mkono.

Utani wa msibani ni dawa, na anayeitoa anamjua mgonjwa. Wewe uliyejifungia chumbani Tabata, na akaunti yenye picha ya katuni, hujabeba jeneza, hujachanga hata buku, mfiwa humjui. Naomba nikuulize: kwa marehemu wewe ni mtani wa kabila gani?

Utetezi wa pili: "Staa ni mali ya umma." Ni kweli kazi yake ni ya umma. Sisi tuliokuwepo mwaka 2012 tunakumbuka Aprili ile alipofariki Steven Kanumba. Leaders Club ilifurika, Kinondoni ikafurika, watu walisimama juani kumuaga mtu ambaye wengi wao hawakuwahi hata kumpa mkono. Huo ndio umma kudai mtu wake. Umma una haki ya kulia, kuzikosoa filamu zake, kusema albamu ya mwisho ilikuwa mbovu. Ila mama yake hakuwahi kupanda stejini. Yeye si wa umma, na huo mzaha unamfikia yeye.

Wa tatu: "Amekufa bwana, haoni." Sahihi kabisa, haoni. Wanaoona ni wanaye. Mtoto wa darasa la tatu leo, miaka michache ijayo atapata simu, ataandika jina la baba yake, na skrini shoti yako itakuwa inamsubiri. Marehemu anazikwa, skrini shoti haizikwi.

Wa nne ndio mgumu, siukwepi: "Alikuwa mtu mbaya. Alidhulumu watu, mnataka tumlilie?" Hapana. Kufa hakumfanyi mtu malaika. Kama alikula hela za madansa, semeni. Kama alinyanyasa mabinti, semeni, na msingoje arobaini. Waliodhulumiwa hawadaiwi ukimya na mtu yeyote. Lakini hebu nioneshe stika iliyowahi kumrudishia dansa hela yake. Mnachofanya ni kinyume. Mkianza kuchekea jeneza, siku nzima watu wanagombana kama mzaha unafaa au haufai, na yule binti mwenye madai ya kweli hakuna anayemsikia. Mzaha wenu unamfichia marehemu makosa yake.

Na mjue mchezo huu unatupeleka wapi. Kifo kikishakuwa kontenti, hatusubiri hata mtu afe. Mzee Majuto, kabla hajafariki Agosti 2018, alishazushiwa kifo akiwa hai. Fikiria mgonjwa yuko kitandani, nje simu za ndugu zinaita, watu wanatoa pole. Aliyezusha alitaka kiki ya dakika kumi.

Ila Mzee Majuto huyohuyo ananisaidia kuwajibu wanaodhani nataka nchi nzima tununne kila staa akifa. Alipofariki kweli, watu walitupiana vipande vya filamu zake na kucheka mpaka machozi. Hicho ni kicheko halali. Mtu alitumia maisha yake kutuchekesha, tukamuaga kwa kukipokea alichotuachia. Kuchekeshwa na marehemu ni heshima kwake. Kuchekea kwamba amekuwa marehemu ni kitu kingine kabisa, na hata mtoto mdogo anaijua tofauti.

Sisemi watu wakamatwe. Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo tangu 2015, na sitaki kuona kijana analala selo kwa sababu ya stika. Mambo ya aibu tuyamalize wenyewe. Siku hizi ukiandika tusi kwenye grupu la familia, shangazi anakukaripia mbele ya wote. Stika ya maiti ikitumwa, tunaweka emoji ya kucheka. Huyo wa kukaripia yuko wapi? Nani anamwambia aliyetuma, "Futa hiyo"? Maneno mawili tu, na hayahitaji bando kubwa.

Kipimo changu ni kimoja. Kabla hujatuma, jiulize: hiki ningekisoma kwa sauti nikiwa nimekaa kwenye mkeka, mama wa marehemu yuko mbele yangu? Kama jibu ni ndiyo, basi wewe ni mtani kweli. Njoo na jembe, kaburi halijachimbwa. Kama jibu ni hapana, futa.

Yule dada nilimpigia, hakupokea. Nikatuma ujumbe wa kuomba radhi, nikatuma na rambirambi kwa M-Pesa. Siku ya tatu akajibu: "Imefika. Asante." Basi. Kwenye grupu hajarudi mpaka leo, na sioni namna ya kumwomba arudi.

Haya, mnaosema mimi mshamba, nawasikiliza. Ila andikeni kwa majina yenu halisi, kama mtani afanyavyo.