Choo cha Mayu si tegesha

KIGINGI
Na Kulwa Masalu

Nimekasirika, na wasomaji wa safu hii mnajua nikikasirika nakuwa na maneno mengi. Vumilieni.

Jumanne nilipanda mchomoko, watu tisa kwenye gari la watano, nikaenda kwenye mkutano wa hadhara katika kijiji kimoja kati ya Kahama na Geita. Jina lake silitaji, maana mwenyekiti wake ni shemeji yangu na ng'ombe wa mahari bado sijawamaliza.

Mkutano uliitishwa saa tatu asubuhi. Mgeni wetu kutoka wilayani alifika saa saba kasorobo, akailaumu barabara, akakaa kwenye kiti pekee kilichotandikwa kitambaa, akafunguliwa maji ya chupa. Kisha akaanza: uwekezaji, uzalendo, subira. Subira ndiyo ilichukua muda mrefu zaidi. Sijui nani alimwambia kijiji kile kinahitaji kufundishwa subira. Nyumba zake zina namba nyekundu ukutani tangu wathamini walipopita kwa ajili ya kampuni inayosubiri kuchimba, na tangu siku hiyo amri ni moja: usijenge, usipande mti, usiongeze hata tofali, ngoja fidia.

Ulipofika wakati wa maswali akasimama mama mmoja mtu mzima. Nitamwita Mayu, kama tunavyowaita mama zetu Usukumani. Mgeni, ambaye kwa umri angeweza kuwa kitinda mimba wake, hakumpa hata shikamoo. Mayu akakaza khanga, akauliza kwa upole: "Mwanangu, choo changu kimejaa. Naruhusiwa kuchimba kingine?"

Mgeni akacheka, akakisogeza kipaza sauti. "Mama, hizo ndizo tegesha tunazozikataa."

Tegesha, yaani kujenga au kupanda kitu kwa kuvizia fidia. Meza kuu yote ikacheka. Shemeji yangu naye alicheka, na hilo tutalizungumza kikao cha ukoo kikikaa.

Choo, jamani! Ningependa kumjua mtu mmoja, kuanzia Mwadui hadi Nyarugusu, aliyetajirika kwa fidia ya shimo la choo. Nitamnunulia soda.

Mkutano ulipokwisha nilimfuata Mayu kwake. Namba yake ilipakwa mjukuu wake hajaanza shule. Sasa mtoto yuko darasa la nne. Paa la nyasi limeoza upande wa jikoni. Mabati aliyoyanunua kwa fedha ya pamba yapo chini ya kitanda, kwa sababu akiyapaua ataambiwa ameongeza thamani. Choo wanaazima kwa jirani, mwenye namba inayofuata ukutani, na cha jirani nacho hakina siku nyingi. Siku kipindupindu kikiingia, nawaapia, atakuja bwana afya kutoka ofisi ileile kumtoza Mayu faini ya kukosa choo.

Hapo ndipo nilipokataa matobolwa aliyonikaribisha. Wanaonifahamu mtaelewa uzito wa jambo hili.

Sisemi tegesha haipo. Kule Nyamongo, wilayani Tarime, watu wamejenga vibanda ambavyo hakuna aliyewahi kulala ndani, wakivitegea fidia ya mgodi. Na pacha wangu Dotto aliwahi kupanda mipapai kwenye kiwanja alichosikia kitapitiwa na barabara, mipapai iliyobanana kama abiria wa mchomoko. Barabara ikapita kwingine. Papai tulikula sisi. Lakini Dotto ni Dotto. Huwezi kuchukua tamaa yake ukambandika mjane mwenye choo kilichojaa. Tena tegesha yenyewe inazaliwa na ucheleweshaji. Lipa watu mapema uone kama kuna atakayepata muda wa kujenga kibanda cha uongo.

Mgeni wetu aliitaja sheria kila baada ya sentensi mbili. Nami niitaje. Katiba, Ibara ya 24, inakataza mtu kunyang'anywa mali yake bila fidia inayostahili. Kanuni za fidia ya ardhi za 2001 zinahesabu, pamoja na thamani ya nyumba yenyewe, posho ya usumbufu, usafiri na kodi ya pango ya miezi 36. Sheria ya Uthamini ya 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita tangu tathmini ilipoidhinishwa. Ikichelewa inazaa riba, na ikifika miaka miwili tathmini inakufa, wathamini warudi upya. Hesabuni wenyewe madarasa ya mjukuu wa Mayu. Kama tathmini yake iliidhinishwa, imeshakufa. Kama haikuidhinishwa, basi bibi wa watu anazuiwa choo na karatasi ambayo haijazaliwa. Vyovyote vile, ile namba nyekundu ni rangi tu.

Na hadithi hii kwetu si mpya, ndiyo maana kicheko kile kiliniuma. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo na familia zao waliondolewa Bulyanhulu kumpisha mwekezaji. Wanasheria wa LEAT, shirika la wanasheria watetezi wa mazingira, walipolivalia njuga suala hilo, baadhi yao, akiwamo Tundu Lissu, walifunguliwa kesi ya uchochezi. Julai 2007 wakazi wa Mtakuja walitolewa kwenye nyumba zao kupisha mgodi wa Geita, na baadhi yao wakaishia kwenye mahema. Kambi yao ikaitwa Sophiatown, jina la kitongoji cha Johannesburg ambacho serikali ya makaburu ilianza kukibomoa mwaka 1955. Mwenye mgodi, AngloGold Ashanti, wakati huo makao yake makuu yalikuwa Johannesburg hukohuko. Novemba 2022 bwawa la tope la mgodi wa Mwadui, wilayani Kishapu, likapasuka na kufunika mashamba na makazi ya watu. Wale nao walikuwa wanategesha, au?

Wilayani wanapenda kulalamika kwamba wanaharakati wanawachochea wananchi. Mimi Jumanne sikumwona mwanaharakati hata mmoja. Nilimwona Mayu na swali lake. Angekuwepo mwanasheria pale angalau mmoja, mgeni wetu angejibu kwa adabu.

Kwa hiyo wewe mwenye namba nyekundu ukutani, fanya hivi. Dai nakala ya fomu ya tathmini yenye saini yako na usome tarehe. Mwandikie mkurugenzi wa halmashauri barua, nakala kwa Mthamini Mkuu wa Serikali, na usiondoke ofisini bila nakala yako kugongwa muhuri wa kupokelewa. Msiende mmojammoja, nendeni kitongoji kizima. Mkikwama, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wanatoa msaada wa kisheria bila malipo.

Na choo, chimbeni. Atakayewashtaki aje mahakamani na hati ya malipo ya fidia.