Kejeli si Werevu

Kijana wa Mwanza asemapo anatumaini jambo, huchekwa. Naye mchekaji, hata katika madarasa yetu, huhesabiwa mwerevu. Nakataa. Mwaka 1960 Askofu Joseph Blomjous alianzisha chuo cha mafunzo ya jamii huko Nyegezi, kando ya ziwa. Mwaka 1998 kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Miaka 38! Mwenye kejeli asingalingoja hata mmoja. Wala sisemi imani ni kuketi kungoja muujiza. Wavuvi wa Galilaya walikesha bila kupata kitu, wakashusha nyavu tena. Na wavuvi wetu wa dagaa, usiku usio na mbalamwezi, huwasha taa wakaenda zao ziwani. Mwalimu amchekaye mwanafunzi wake, yeye ameshusha wavu gani?